Uzi: Jinsi Moscow ilivyozika trolibasi zake, nikiwa abiria

Fundi Mkondo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye ule uzi wa mabasi ya umeme kuna mdau alisema tuige Moscow, kwamba "wenzetu wameachana na dizeli wamehamia umeme". Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona lipewe uzi wake. Nimeishi Moscow kuanzia 2011 hadi 2018, miaka ya chuo na kibarua kidogo mwishoni, na karibu kila siku nilipanda trolibasi. Zimekufa huku naangalia. Nitasimulia kama abiria, pakifika pa kiufundi nitaongea kama fundi umeme. Nikichanganya mnivumilie.

Kwa asiyeijua: trolibasi ni basi la matairi kama basi lolote, halina reli, ila juu ya paa lina fimbo mbili ndefu zinazogusa nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara. Waya mmoja unaleta umeme, mwingine unaurudisha. Treni ya umeme haihitaji waya wa pili kwa sababu umeme unarudi kwa reli. Basi limevaa mpira, lingeurudishia wapi? Warusi zile fimbo wanaziita pembe. Umeme wenyewe ni DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, volti 600 hivi. Hakuna injini, hakuna gia, hakuna moshi. Likiondoka kituoni unasikia mvumo kama wa cherehani kubwa, basi.

Moscow walianza tarehe 15 Novemba 1933. Magari ya kwanza yaliitwa LK, herufi za jina la Lazar Kaganovich, kigogo wa chama aliyesimamia pia ujenzi wa metro. Wakati huo ukipewa gari jina lako hukatai. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walijaribu hadi za ghorofa kwa kuiga Waingereza, zikatembea mpaka 1953. Mtandao ukaendelea kukua hadi ukawa mkubwa kuliko wa mji mwingine wowote duniani, magari zaidi ya elfu moja. Nilipotua mimi 2011 hali ilikuwa bado hiyohiyo. Tarehe 25 Agosti 2020 njia ya mwisho ya kawaida ikafungwa.

Hapo katikati ndipo penye uzi. Ngoja nile, narudi.

Binti Kariakoo

Nimeshakaa mkao wa kula. Ole wako utuache njia panda kama wale wa "sehemu ya pili inakuja" ambao tunawasubiri tangu 2019.

Nyani Haoni

Mimi naanza na ubishi kabisa. Basi linaloning'inia kwenye nyaya kama nguo ya kuanika, kufungwa kwake kuna msiba gani? Dunia imehamia betri.

Fundi Mkondo

Nyani, subiri nifike, hilo swali lako ndilo moyo wa uzi.

Nianze na kupanda. Hosteli yetu ilikuwa upande wa kusini-magharibi, ule ambao wanafunzi wengi wa Afrika wanaujua. Trolibasi zikipita barabara ya Leninsky. Gari nyingi za mwanzo nilizopanda zilikuwa ZiU-9 au ndugu zake, zile za kutoka kiwanda cha Engels, mkoa wa Saratov. Hiyo ZiU-9 ilianza kutengenezwa kwa wingi 1972 na zimetoka zaidi ya 40,000, hakuna trolibasi iliyotengenezwa nyingi kama hiyo popote. Sura yake ni boksi la viberiti lenye macho. Viti vigumu, milango inafunga kwa kishindo cha kukushtua usingizini.

Ila Januari, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, ukipata kiti ambacho hita ya umeme iko chini yake, wewe ni mfalme. Dirisha limeganda barafu kwa ndani. Watu wanabandika sarafu kwenye kioo mpaka barafu iyeyuke, wanapata kitundu cha kuchungulia wameshafika wapi. Mimi sarafu yangu ya shilingi mia ya Tanzania ilifanya hiyo kazi miaka saba.

Madereva wengi walikuwa akina mama. Kuna mmoja wa njia yetu, mnene, mkali, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa. Fimbo ikichomoka kwenye waya (na inachomoka, hasa kwenye makutano ambapo nyaya za njia mbili zinapishana) gari linazimika palepale katikati ya foleni. Yule mama anavaa glavu, anashuka, anakwenda nyuma, anakamata kamba mbili zinazoning'inia, anavuta, anaangalia juu kama mtu anayetungua embe, anairudisha fimbo mahali pake. Nusu dakika. Anapanda, hasemi neno, tunaondoka. Magari nyuma yanapiga honi, yeye hana habari.

Ndiyo maana kwenye makutano ya nyaya ilibidi dereva apunguze mwendo sana. Akikimbia, fimbo inaruka. Huo ni udhaifu wa kweli, siufichi. Na gari likiegeshwa vibaya pembeni, trolibasi ina nafasi ya kulikwepa mita chache tu kila upande, fimbo zinafika mwisho.

Mzee wa Lumumba

Vijana nimepita kimyakimya humu kwa miaka, leo mmenitoa shimoni.

Mimi nilikwenda Moscow 1974, Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, wakati huo kinaitwa Patrice Lumumba. Nauli ilikuwa hivi: tramu kopeki 3, trolibasi kopeki 4, basi kopeki 5. Sisi wa bajeti ndogo tulikuwa tunasubiri trolibasi ili tuokoe kopeki moja! Na hakuna kondakta. Kuna sanduku lenye kioo, unatumbukiza sarafu zako, unajikatia tiketi mwenyewe kwenye rola. Hakuna anayekulazimisha isipokuwa macho ya bibi aliyekaa kiti cha mbele. Yale macho yalikuwa yanatosha.

Abiria wakijaa, unampa aliye karibu sarafu yako, inakwenda mkono kwa mkono mpaka kwenye sanduku, na tiketi inarudi hivyohivyo. Miaka sita sijawahi kupoteza sarafu.

Binti Kariakoo

Shikamoo mzee. Sarafu ipite mikono ya watu ishirini na irudi tiketi? Kwenye daladala za Mbagala hiyo sarafu ingefika kwa konda ikiwa deni.

Mzee wa Lumumba

Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo.

Fundi Mkondo

Shikamoo mzee, asante sana. Mimi nimekuta kinyume chake kabisa. Kipindi changu mlango wa mbele ulikuwa na kizuizi cha chuma cha kuzunguka, unagusisha kadi, unasukuma, anapita mmoja mmoja. Watu arobaini kituoni na theluji inawapiga, wote kwenye tundu moja, na bibi mwenye toroli la sokoni amekwama katikati. Vile vizuizi waliviweka miaka ya 2000 mwanzoni ili wasiolipa wabanwe, wakaanza kuvitoa karibu na 2017. Fikiria trolibasi inapimwa kwenye makaratasi kwamba "ni ya polepole" wakati nusu ya muda inakula kituoni kwenye kile chuma. Ilipofika zamu ya kuvitoa, trolibasi nyingi zilishaondoka.

Sasa kifo chenyewe.

Hakuna siku iliyotangazwa kwamba tunafunga. Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Meya wa pale ni Sergei Sobyanin tangu Oktoba 2010, na mambo ya usafiri yalikuwa chini ya naibu wake Maxim Liksutov. Kuanzia 2014 njia zikawa zinakatwa moja moja. Kibao kituoni: kwa sababu ya ukarabati, njia namba fulani itahudumiwa na basi kwa muda. Unasema sawa, kwa muda. Baada ya miezi unainua macho, nyaya hazipo. Ukiuliza, unaambiwa sasa basi lipo, tatizo lako nini?

Kisha ukaja mradi mkubwa wa kukarabati barabara za katikati ya mji, "Mtaa Wangu", kuanzia 2015. Sitausema vibaya wote, njia za miguu zilipanuliwa, mawe mazuri, miti. Lakini nyaya za kila aina zilikuwa zinazikwa ardhini ili anga iwe safi kwenye picha, na waya wa trolibasi hauzikiki. Kwa hiyo katikati ya mji ikabaki bila nyaya. Na mtandao wa trolibasi si kama uji, ukichota katikati pembeni pakajaza. Ukikata kipande cha kati, njia kumi zinazopita pale zinakosa pa kupita, gari zinakosa njia ya kurudi depo, na vile vipande vya pembeni vinabaki kama mkia wa mjusi, vinatikisika kidogo.

Na waliochukua nafasi yake wakati huo, kabla ya 2018, walikuwa nani? Mabasi ya dizeli. Hapa naomba mdau wa ule uzi mwingine asome mara mbili. Kwa miaka minne hivi, mji uliokuwa na usafiri wa umeme mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani ulikuwa unauondoa na kuweka dizeli.

Nyani Haoni

Kwa muda tu mkuu. Baadaye wameleta umeme. Kipindi cha mpito kipo kila mahali.

Mkaazi wa Rongai

Hamjambo humu ndani. Swali kutoka Nairobi: watu wa huko walinyamaza tu? Hapa hata wakihamisha steji ya matatu mita hamsini kuna maandamano.

Fundi Mkondo

Hawakunyamaza. Kulikuwa na mikutano ya hadhara ya kutetea trolibasi, sahihi zilikusanywa, madiwani wa baadhi ya wilaya walipinga kwa maandishi. Kuna rafiki yangu Mrusi alinipeleka kwenye mmoja wa mikutano hiyo, nilisimama pembeni kabisa kwa sababu mgeni mwenye viza ya masomo hana shughuli na mabango. Niliowaona walikuwa wastaafu na vijana wachache wenye kamera, wale ambao kila gari wanalijua kwa namba yake ya depo. Ukiwaangalia unajua hawashindi. Mji wenyewe ulikuwa kazini.

Na lazima niseme hili: abiria wengi hawakujali. Kama basi linafika, linafika.

Iliyouma watu kweli ni B. Hii ilikuwa njia ya kuzunguka barabara ya duara inayoitwa Sadovoye, Pete ya Bustani. Haina mwanzo wala mwisho, unaweza kupanda ukazunguka mpaka ukarudi ulipotoka. Ilianza kama tramu 1912, trolibasi ikairithi miaka ya 1930, na jina lake la mtaani ni Bukashka, maana yake mdudu mdogo, kwa kuchezea hiyo herufi. Siku ya baridi ukiwa huna hela ya kwenda popote, unaingia kwenye Mdudu na kitabu, unazunguka mji. Nimesomea mitihani miwili humo.

Na kwenye duara hiyohiyo, usiku wa kuamkia 21 Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi dhidi ya Gorbachev, watu walivuta trolibasi wakaziba nazo barabara karibu na njia ya chini ya ardhi ya Novy Arbat, ili magari ya kivita yasipite. Vijana watatu walikufa pale: Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky. Kuna picha maarufu za zile trolibasi zimesukumwa na deraya huku vioo vimetawanyika. Kwa hiyo mzee wa Moscow akisema "trolibasi ya Sadovoye" haongelei usafiri peke yake.

Leo herufi B ipo, imebandikwa kwenye basi la betri.

Mzee wa Lumumba

Mdudu nao wameuondoa? Hiyo sikuijua.

Fundi Mkondo

Ndiyo mzee. Pole.

Nyani Haoni

Sawa, machozi tumeyaona. Sasa nijibu kama fundi. Basi la betri halina fimbo ya kuchomoka, halikwami nyuma ya gari bovu, halihitaji nguzo wala waya. Kuna ubaya gani?

Fundi Mkondo

Mabasi ya betri yalianza Moscow tarehe 1 Septemba 2018, njia ya kwanza ikiwa ile iliyokuwa trolibasi namba 73, kutoka VDNKh kwenda Bibirevo, mitaa ya kaskazini mwa mji. Watengenezaji walikuwa KAMAZ na GAZ. Nilikuwa bado kule wiki hizo, nikapanda. Gari zuri. Kimya, sakafu ya chini, sehemu ya kuchajia simu, joto la kutosha.

Lile joto ndilo lililonifanya nichungulie. Mabasi hayo yana betri ya kuchajiwa haraka. Halibebi umeme wa siku nzima, linatembea mzunguko wake, likifika mwisho wa njia linasimama chini ya nguzo, mkono unagusana na paa, linachaji dakika kadhaa, linaondoka tena. Ufundi mzuri tu. Lakini baridi ya Moscow inataka joto jingi sana, na ukilitoa lote kwenye betri, gari halifiki. Wakafanyaje? Wakaweka hita inayojitegemea, inachoma dizeli. Basi limeandikwa ubavuni kwamba ni la umeme, lina rangi ya buluu ya kupendeza, na lina tangi la dizeli kwa ajili ya joto. ZiU yetu ile mbovu yenye milango ya kishindo ilipasha joto kwa umeme wa waya, haikuwa na tangi la kitu chochote.

Sisemi basi la betri ni baya. Nasema trolibasi ilikuwa tayari ndiyo basi la umeme. Walivunja nyumba yenye bomba la maji wakajenga mpya yenye simtangi, kisha wakaita watu waje kuona maji.

Na kuhusu gari bovu barabarani na makutano ya nyaya: dawa yake ilishapatikana. Unaweka betri ndogo ndani ya trolibasi yenyewe. Penye waya inatembea na kujichaji hukohuko ikiwa safarini, pasipo waya inashusha fimbo na kwenda kwa betri kilomita kadhaa. Hutundiki waya kwenye makutano magumu wala kwenye uwanja wa kihistoria wenye picha. Unajua nani walikuwa wanazitumia tangu mwisho wa 2017? Saint Petersburg. Nchi hiyohiyo, saa nne kwa treni ya kasi. Na Prague, ambao walifunga trolibasi zao 1972 kwa mbwembwe, tangu 2017 wameanza kuzirudisha kwa mtindo huohuo.

Nyani Haoni

Hiyo ya hita ya dizeli umeitoa wapi, ni kweli?

Mhandisi Kapuku

Ni kweli Nyani, haikuwa siri hata kidogo. Mabasi mengi ya umeme ya nchi za baridi yana hita za namna hiyo. Tofauti ni kwamba wenzao walitoka dizeli wakaenda huko. Moscow ilitoka kwenye waya.

Mimi naongeza la betri: waya wa shaba ukikaguliwa na kubadilishwa vipande vinavyolika, unakaa miongo. Betri ina umri. Hesabu ya miaka kumi na ile ya miaka thelathini hazitoi mshindi mmoja. Lakini meya anapigiwa kura kwa hesabu ya miaka mitano.

Nyani Haoni

Haya, hapo mmenipata. Si pote, hapo tu.

Mkaazi wa Rongai

Na stima ikipotea? Sisi 25 Agosti 2023 nchi nzima ililala giza. Naona tarehe inafanana na ile ya mazishi yenu, ajabu. Sasa kama mji wote unategemea waya si watu watalala barabarani? Hapa tuna mabasi ya betri ya BasiGo tangu 2022, yenyewe usiku ule yaliyokuwa na chaji yaliendelea.

Fundi Mkondo

Hoja nzuri sana kaka, na Moscow yaliwakuta. 25 Mei 2005 kituo kikubwa cha umeme cha Chagino kiliharibika, kusini mwa mji kukazimika. Metro ilisimama watu wakiwa ndani ya mahandaki, trolibasi zikabaki barabarani pale zilipokatikiwa, mstari mrefu kama mifugo iliyolala. Wenyeji wangu walikuwa wanaisimulia kila umeme ukicheza. Ndiyo sababu nyingine ya ile betri ndogo ndani ya gari: umeme ukikatika, linajisogeza mpaka mahali salama. Kwa ukatikaji wa saa nzima kila mtu anaumia, hata mwenye betri kama hakuwa amechaji kabla.

Nimalizie mwisho wake. 2019 na 2020 mimi niko Dar, nafuatilia kwa video za wale vijana wenye kamera. Depo moja baada ya nyingine inabadilishwa kuwa ya mabasi. Zile gari zilizokuwa bado na nguvu zikagawiwa mikoani, na nyingine zikaenda Saratov. Angalieni ramani: Saratov na Engels zinatazamana, katikati ni mto Volga. Magari yaliyotengenezwa Engels yakauzwa Moscow yakiwa mapya, yakarudi ng'ambo ya mto kama mtumba! Na kiwanda chenyewe, ambacho wakati huo kiliitwa Trolza, kilikuwa kimepoteza mteja wake mkubwa. Kiliishia kufilisika.

Agosti 2020, mji uko kwenye korona, watu wamevaa barakoa, njia zilizobaki ni vidole vya mkono. Tarehe 25 ikawa mwisho. Hapakuwa na bendi. Nilitazama video moja iliyopigwa kutoka kiti cha nyuma, dakika kumi na kitu, hakuna anayeongea, unasikia ule mvumo tu na vyuma vikigonga kwenye makutano ya nyaya: ta-tak, ta-tak.

Septemba mwaka huohuo wakafungua njia ya makumbusho, herufi T, kipande kifupi karibu na uwanja wa Komsomolskaya, pale penye stesheni tatu za treni.

Binti Kariakoo

Mbona umetutoa machozi hivyo. Haya turudi nyumbani: mwendokasi wa Dar ungewekewa waya ingekuwaje? Barabara yake ni yake peke yake, haigeuki kushoto wala kulia.

Fundi Mkondo

Binti umeuliza kama fundi. Trolibasi inapata shida ikichangamana na magari mengine. Ukiipa njia yake, nusu ya lawama zinakwisha. Marrakech, Morocco, walifanya hivyo 2017: mabasi ya njia maalumu, sehemu ya njia ina nyaya, sehemu iliyobaki wanakwenda kwa betri. Mexico City 2022 wakajenga njia ya trolibasi juu ya daraja refu huko Iztapalapa. Tatizo letu la kwanza lingekuwa Jangwani, kwa sababu mafuriko hayaulizi umepanda gari la aina gani.

Na msiniambie hatuwezi kutundika waya. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria Dar hadi Morogoro, na ule ni waya wa volti 25,000. Huu wa trolibasi ni 600.

Mhandisi Kapuku

Usiwadanganye watu kwa volti, Fundi. Volti ndogo maana yake mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa unataka vituo vidogo vya umeme karibu karibu njia nzima. Kwenye hiyo treni (SGR) unaweka kituo kimoja, unasahau kilomita nyingi. Kimara hadi Kivukoni ungehitaji kadhaa. Inawezekana, lakini gharama iko hapo, haiko kwenye waya.

Fundi Mkondo

Nakubali, nimeteleza. Asante.

Sungusungu

Nyie mnaongea vituo vya umeme. Mimi nauliza shaba. Waya wa shaba, kilomita ishirini, unaning'inia usiku Mbezi. Asubuhi mtaukuta?

Binti Kariakoo

😂😂😂 Utakuta nguzo zinapeana pole.

Mzee wa Lumumba

Fundi, nikuulize. Yule mama wa kizibao, madereva kama wale walikwenda wapi?

Fundi Mkondo

Mzee, wengi walifundishwa upya wakapewa mabasi ya kampuni ileile ya mji, wengine wakastaafu. Yule mama sijui aliangukia wapi. Mara ya mwisho nilimwona 2016, kituoni kwetu, njia ikiwa imebakiza wiki chache. Fimbo ilichomoka, akashuka, akaivuta. Ikakataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikakubali. Kijana mmoja alikuwa amemwekea simu usoni anamrekodi, nadhani mmoja wa wale wapenzi wa magari. Akamwambia kwa Kirusi: unarekodi nini, panda, tunachelewa.

Msafiri wa Septemba

Wakuu, nimesoma uzi wote kimya. Mimi nimepata nafasi ya chuo, naondoka Septemba kwenda hukohuko Moscow. Hiyo njia ya T bado ipo? Nikitaka kuipanda nafanyaje?

Fundi Mkondo

Hongera sana mdogo wangu. Kama bado inatembea utakapofika, nenda kwa metro mpaka Komsomolskaya, toka nje, uliza kituo cha T, nunua kwanza kadi ya nauli ya Troika ndiyo inayotumika kote. Usikae mbele. Kaa kiti cha mwisho kabisa, chini ya zile kamba, zima muziki, na ukifika kwenye makutano ya nyaya unirekodie ule mlio. Na beba sarafu ya shilingi mia, Januari utanikumbuka.